Fibromialjia: dawa moja kwa wakati mmoja, daktari mmoja kwa muda mrefu

Mgonjwa wa fibromialjia, yaani maumivu sugu yaliyoenea mwili mzima, akiingia chumba cha daktari hapa Dar es Salaam, kitu cha kwanza cha kumwomba ni mfuko wake wa dawa. Karibu kila mmoja anao. Umwage mezani wote. Utakuta diklofenaki za kampuni tatu tofauti, vidonge vya kulegeza misuli, vitamini B, nusu dozi ya siprofloksasini aliyopewa kwa ajili ya "UTI sugu", mseto aliouanza bila kipimo kuonyesha malaria, na bahasha ya kaki yenye vidonge vidogo vyeupe visivyo na jina, ambavyo mara nyingi ni prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Pembeni kuna bahasha kubwa ya picha: eksirei ya kiuno, eksirei ya magoti, pengine na MRI ambayo ndugu walichangishana kuilipia. Picha zote hazina kitu, na mama wa watu bado anaumwa kuanzia shingoni hadi nyayoni.

Mfuko huo unaeleza tatizo vizuri kuliko maneno. Aliumwa bega, akatibiwa bega. Akaumwa kiuno, akatibiwa kiuno kwingine. Hakuna aliyekaa na mwili wote pamoja, na hakuna aliyebaki naye muda wa kutosha kujua dawa ipi imesaidia. Tulichojifunza kwa wagonjwa hawa ni kwamba nafuu haitokani na dawa kali zaidi. Inatokana na daktari mmoja wa kawaida anayeanza na dozi ndogo ya dawa moja, anayempa mgonjwa tarehe ya kurudi, na asiyeona haya kuondoa kisichofanya kazi.

Katika fibromialjia, ubongo na uti wa mgongo vinazikuza ishara za maumivu. Misuli haijaoza, viungo havijaliwa. Ndiyo maana diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hazisaidii: kazi yake ni kutuliza uvimbe wa ndani, na hapa uvimbe haupo. Mgonjwa anaendelea kuzimeza kwa matumaini, tumbo linaanza kuwaka moto, presha inapanda, figo zinachoka, na maumivu yako palepale. Hizo ndizo za kwanza kutoka mezani, isipokuwa kama ana ugonjwa mwingine unaozihitaji. Prednisoloni nayo haina nafasi hapa, ila usimwambie aiache siku hiyohiyo. Kama ameimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, huenda mwili wake umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe, kwa hiyo ipunguzwe taratibu chini ya uangalizi. Uliza pia kuhusu dawa za kienyeji za "baridi yabisi" zinazoleta nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili. Uso ukiwa umejaa kama wa mtoto na sukari imepanda, shuku kwamba ndani ya dawa hizo kuna steroidi.

Ugonjwa wenyewe unatambuliwa kwa maswali na mikono, wala si kwa mashine. Vigezo vya mwaka 1990 vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na 11 ziume. Vile vya mwaka 2016 vinahesabu maeneo 19 yaliyouma wiki iliyopita: mabega, mikono juu na chini, nyonga, mapaja, miguu chini ya goti na mataya, kushoto na kulia, kisha kifua, tumbo, shingo, mgongo wa juu na wa chini. Halafu unapima uchovu, kuamka bila kupumzika, na kichwa kushindwa kushika mambo, kila kimoja 0 hadi 3. Kuumwa kichwa, maumivu ya tumbo la chini na sonona ndani ya miezi 6 vinaongeza alama 1 kila kimoja, jumla ya juu kabisa ikiwa 12. Maeneo 7 au zaidi na alama 5 au zaidi, au maeneo 4 hadi 6 na alama 9 au zaidi, hutosha, mradi maumivu yameenea karibu mwili mzima na yamekaa miezi 3. Karatasi moja yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, inamsaidia mgonjwa kutia alama mwenyewe akiwa kwenye foleni. Akifika kwa daktari, dakika kumi zinatosha.

Vipimo vinavyostahili kulipiwa ni vichache: FBP (picha kamili ya damu), ESR au CRP (vya kuonyesha uvimbe wa ndani), TSH ya kuangalia tezi ya shingo, sukari, kreatinini ya kuangalia figo, na VVU kwa ridhaa yake. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango na upungufu wa damu vinaiga fibromialjia vizuri sana. Anayevaa mavazi ya kumfunika mwili wote au anayeshinda ofisini siku nzima afikiriwe pia upungufu wa vitamini D. Anayemeza dawa za kushusha mafuta aulizwe misuli ilianza kuuma lini. Hapa Pwani usisahau homa zilizopita: chikungunya inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kuisha. Tunachoomba kisiagizwe ovyo ni RF na ANA, vipimo vya damu vya baridi yabisi ya viungo na lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe). Baadhi ya watu wenye afya njema, wasio na ugonjwa wowote, hupata majibu chanya, na tumeona jinsi karatasi moja ya ANA inavyomfanya mtu aishi na hofu ya lupasi isiyokuwepo. Widal, kipimo cha taifodi, kwa ajili ya maumivu ya mwili haina maana kabisa.

Kuna dalili zinazosimamisha mazungumzo haya yote na kumpeleka mgonjwa kwenye uchunguzi zaidi: homa inayorudi, jasho la usiku, kupungua uzito, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, mguu kupoteza nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu mapya baada ya miaka 50 yakiambatana na ESR ya juu. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye baridi yabisi halisi ya viungo anaweza kuwa na fibromialjia juu yake. Akiongezewa dawa za viungo kila anapolalamika, anapata madhara yake bila nafuu.

Kabla ya dawa yoyote kuna maneno, na maneno haya yana uzito. "Huna kitu" ndiyo sentensi inayomrudisha mgonjwa Kariakoo kununua dawa nyingine. Afadhali aambiwe hivi: "Mama, maumivu yako ni ya kweli na yana jina. Hayali mifupa na hayatakulemaza. Hayataisha kwa sindano, lakini tunaweza kuyapunguza ukarudi kwenye shughuli zako." Siku hiyo, au safari inayofuata, aje na mume, dada au mtoto mkubwa. Nyumbani ameshaitwa mvivu, ameshaambiwa ana mawazo, pengine ameshapelekwa kwa mganga. Ndugu akisikia kwa masikio yake kwamba ugonjwa upo, nusu ya vita vya nyumbani inaisha.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni amitriptilini. Ni ya bei nafuu, hospitali za serikali huwa nayo, na inagusa kitu ambacho wagonjwa wengi hawajaulizwa: usingizi. Mwambie mapema kwamba ni dawa ya zamani ya sonona, ila kwa sonona hutolewa miligramu 75 hadi 150 kwa siku, na yeye anaanza na 10 hadi 12.5. Usipomwambia, muuza dawa au jirani atamwambia kwamba "hizo ni za wagonjwa wa akili", na kidonge kitaishia chooni.

Kidonge kinachopatikana kirahisi ni cha miligramu 25, kwa hiyo kinakatwa. Tumia kikatio cha vidonge au wembe mpya juu ya sahani kavu, kidonge kikiwa kimelala. Usikate pakiti nzima. Unyevu wa Dar huvilainisha vipande na kuvimeng'enya, hivyo kata kimoja, nusu ya leo na nusu ya kesho, na ya kesho uifunge vizuri. Nusu hiyo ni chungu na huacha ganzi ulimini, kwa hiyo imezwe haraka kwa maji mengi. Ganzi hiyo ya ulimi si mzio.

Saa ya kumeza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Anayeamka saa 10 na nusu alfajiri kuwahi daladala la kutoka Mbagala au Gongo la Mboto hawezi kumeza saa 5 usiku. Atasinzia hadi apitilize kituo. Ameze saa 1 au saa 2 usiku, alale saa 4. Wiki ya kwanza asiendeshe chombo mpaka ajue dawa inamfanya nini, na dereva wa bodaboda aianzie kipindi ambacho hataingia barabarani. Baada ya wiki moja au mbili, kama anaivumilia, apande hadi kidonge kizima. Wengi hukaa hapo. Wachache hufika miligramu 50, na kupita hapo mara nyingi huongeza madhara kuliko nafuu. Usingizi unaweza kubadilika ndani ya siku chache, lakini maumivu yahukumiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Wagonjwa wengi huiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, na ni sisi tulioshindwa kuwaeleza.

Mdomo utakauka na choo kitakuwa kigumu. Maji, papai, mboga za majani, na kutembea husaidia. Jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika mji huu ni kwamba amitriptilini hupunguza jasho. Kuanzia Desemba hadi Machi, mama lishe anayesimama kwenye moto wa mkaa mchana kutwa akiwa kwenye dawa hii yuko hatarini kuzidiwa na joto. Anywe maji hata kabla ya kiu, apate kivuli, na akihisi kizunguzungu na ngozi kavu ya moto asisubiri. Asiyepaswa kupewa ni mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa au aliyepata shambulio la moyo karibuni, na mwenye presha ya macho au tezi dume inayozuia mkojo atafutiwe nyingine. Mwenye ugonjwa wa moyo, au umri mkubwa, apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza. Dozi kubwa ya dawa hii inaua, hasa watoto. Ikae juu, imefungwa. Mgonjwa aliyetaja kuchoka kuishi apewe ya wiki moja tu kwa wakati na aonwe na mtaalamu wa afya ya akili upesi.

Kuna mgongano mmoja wa hapa kwetu. Lumefantrini iliyomo kwenye mseto hupunguza kasi ya ini kuivunja amitriptilini, na zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Malaria ikithibitishwa, itibiwe siku hiyohiyo. Kinachoweza kusubiri siku chache ni amitriptilini, na daktari ndiye ataamua. Kwa hiyo mgonjwa aseme "natumia amitriptilini" kabla hajaandikiwa. Kipimo kikiwa hasi, mseto usimezwe kabisa. Maumivu ya mwili peke yake si malaria.

Amitriptilini ikishindikana, au sonona ikiwa nzito, duloksetini ndiyo inayofuata. Anza na miligramu 30 mara moja kwa siku baada ya chakula kwa wiki moja au mbili, kisha 60, na hapo ndipo kikomo cha faida kwa wengi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua chenyewe. Kapsuli isifunguliwe, kwa sababu chembe za ndani zimefunikwa ili tumbo lisiziharibu. Presha ipimwe kabla na baada. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi asipewe. Na hapa siprofloksasini inarudi: hupandisha sana kiwango cha duloksetini mwilini, hivyo ile tabia ya kununua "dozi ya UTI" dirishani ni hatari maradufu. Bei ikimshinda, fluoksetini miligramu 20 asubuhi inaweza kujaribiwa, lakini isiwekwe juu ya amitriptilini bila daktari kujua, maana huipandisha.

Pregabalini tunaiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayoandikwa kwa wepesi zaidi siku hizi. Marekani iliiidhinisha kwa fibromialjia mwaka 2007, ya kwanza kupata kibali hicho. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu ya aina hii unasema isianzishwe. Kwa maoni yetu, ina watu wake, hasa wasiolala na wenye miguu inayowaka, ila dozi ya kuanzia isiwe kubwa. Miligramu 75 usiku kwa wiki moja, kisha 75 mara mbili, na kupanda hadi 150 mara mbili ikihitajika tu. Kreatinini iangaliwe kwanza, kwa sababu inatoka kwa figo na dozi hupunguzwa zikiwa dhaifu. Uzito na uvimbe wa miguu viandikwe kila ziara. Isichanganywe na pombe wala tramadoli. Pumzi inaweza kuzama. Anayeweza kushika mimba ajadiliwe uzazi wa mpango kabla. Vile vidonge vilivyochanganywa na methilikobalamini tunaviepuka, kwa sababu unalipia vitamini asiyoihitaji, na huwezi kubadilisha dozi ya kimoja bila kingine.

Tramadoli inasaidia baadhi ya watu kwa muda, lakini inazoesha, na pamoja na duloksetini, fluoksetini au amitriptilini inaweza kuleta kutetemeka, jasho, homa na hata degedege. Ikitolewa, iwe kwa siku zinazojulikana. Dawa kali zaidi za jamii ya mofini hazifai hapa.

Mapendekezo ya Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2017 yalitoa alama ya juu kabisa kwa kitu kimoja tu, nacho si dawa: mazoezi. Wagonjwa hukasirika wakiambiwa hivyo, na wana haki, kwa sababu huambiwa "fanya mazoezi" bila kipimo. Kipimo ni kile anachoweza kufanya leo na kesho yake asilale. Kwa wengine ni dakika 5 za kutembea mtaani saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza. Aongeze dakika moja au mbili kila wiki, hata akijisikia vizuri. Baada ya miezi kadhaa afike dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki. Anayeishi karibu na bahari, Coco Beach au Kigamboni, atembee kwenye maji ya kiunoni wakati wa utulivu. Maji hubeba uzito na mwili hauumi sana.

Kinachoharibu ni Jumamosi. Mgonjwa anaamka na nafuu, anafua nguo za wiki nzima, anadeki nyumba, anachota maji, na Jumapili hadi Jumanne yuko kitandani. Ndoo ya lita 20 igeuzwe mbili za lita 10, na wa kumsaidia akiwepo asione aibu kumwita. Kufua kugawanywe siku tatu. Kudeki kwa mpini mrefu badala ya kuinama. Kukatia mboga akiwa amekaa kwenye stuli yenye kimo cha meza, siyo kigoda kinachokunja kiuno. Apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha.

Hospitali za umma mgonjwa hukutana na daktari tofauti kila safari, kwa hiyo kumbukumbu iwe mkononi mwake. Daftari dogo, mistari michache: dawa, dozi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na sababu ya kuacha. Kila Jumapili aandike maumivu 0 hadi 10, usingizi ulikuwaje, na kazi moja aliyoichagua mwenyewe, mfano kupika chakula cha jioni bila kulala kwanza. Maumivu yakitoka 8 hadi kati ya 5 na 6, hiyo ni nafuu ya kweli, hata kama yeye alitarajia sifuri. Ziara ziwe wiki ya 2, ya 6, mwezi wa 3, kisha kila miezi 3. Mwenye bima aulize kama dawa imo kwenye kifurushi chake kabla ya kuzoea dawa atakayoshindwa kuilipia mwezi wa pili. Rufaa ya kwenda Muhimbili au hospitali nyingine kubwa ina maana kama kuna shaka ya ugonjwa mwingine, au dawa mbili zimejaribiwa kwa dozi na muda wa kutosha bila mafanikio, au sonona inazidi.

Maumivu yatapanda tu siku nyingine, baada ya msiba, mafua, au kukosa usingizi. Dozi isipandishwe siku ya kwanza. Shughuli zipunguzwe nusu, zisikatwe zote. Maji ya moto ya kuoga, usingizi kwa saa zilezile, na siku chache za subira. Ila kukiwa na homa au kiungo kimevimba, huo si mlipuko wa fibromialjia, aende akapimwe.

Wakati wa Ramadhani ratiba hizi hazina ugumu mkubwa: amitriptilini baada ya futari, duloksetini pamoja na chakula cha futari, pregabalini futari na daku. Kiu ya amitriptilini mchana ndiyo changamoto, na anayezidiwa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuanza.

Nafuu ikitulia kwa miezi 6 hadi 12, jaribu kupunguza, dawa moja tu kwa wakati. Amitriptilini nusu kidonge kila baada ya wiki 2 hadi 4. Duloksetini kutoka 60 hadi 30 kwa angalau wiki 2 kabla ya kuacha; ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Pregabalini isishushwe kwa chini ya wiki moja, na aliyeitumia muda mrefu ashushiwe polepole zaidi. Maumivu yakirudi, rudi kwenye dozi ya mwisho iliyofanya kazi, kaa nayo miezi 3, ndipo ujaribu tena.